Fagio la Utajo

Njia iliyompeleka Zamda katika nchi ya Utajo haina la kusimulia. Alifika, akapokewa, akapewa chumba nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima. Yenye maneno ni yale yaliyofuata.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwenye sauti ndogo ambayo hata walimu wake walizoea kumwambia airudie. Chuoni alisomea mitandao ya kompyuta, na katika mitandao yote alichopenda zaidi ni ile seva isiyosifiwa na mtu, ambayo kazi yake mchana kutwa ni kujibu swali moja tu: jina hili linakaa anwani gani? Alijua kuifanya seva hiyo ijisafishe yenyewe, ili majina ya mashine zilizokwisha kuondolewa yasiendelee kujibiwa kana kwamba bado zipo. Watu wa Utajo walipata habari zake, wakamwandikia barua ya kumwita. Nchi yao inaendeshwa namna hiyohiyo, ila mahali pa mashine wao wana watu.

Katika Utajo hakuna mtu anayekwenda kwa mwenzake kwa sababu anaijua njia. Katikati ya mji ipo Nyumba ya Majibu, yenye madirisha tisa na droo zinazopanda ukutani hadi darini. Anayemtaka fulani hufika dirishani akataja jina, karani akavuta kadi na kusoma: pita kinu cha mafuta, kata kushoto, mlango wa tatu, wa kijani. Ndipo mtu aende. Hata anayekwenda kumwona mama yake mzazi huanzia dirishani. Kubisha hodi bila kujibiwa kwanza ni utovu wa adabu, na kumshika mtu mkono ukampeleka mwenyewe anakotaka kwenda ni jambo ambalo wazazi huwaficha watoto wao wasilione.

“Na jibu likikosea?” Zamda alimuuliza Bwana Shaweji, Mkuu wa Majibu, siku ya kwanza.

Bwana Shaweji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia iliyotarizwa na vidole visivyo na alama ya wino. “Jibu halikosei, binti,” alisema. “Nyumba ndizo huhama.”

Akamsimulia, bila kucheka, kisa cha bibi harusi aliyepelekwa na ndugu zake kwenye anwani ya zamani ya bwana harusi. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine, fundi viatu, aliyekuwa amehamia pale miezi mitatu nyuma. Wale ndugu wakatazamana, wakasoma tena karatasi waliyoandikiwa dirishani, wakamkabidhi bibi harusi. “Wana watoto wanne sasa,” alisema Bwana Shaweji. “Na wanaelewana. Bwana harusi mwenyewe alikuja kulalamika, tukamtafuta kwenye droo, tukamkuta bado anakaa kwa fundi viatu. Tulimwambia aende kwake.”

Kwa sababu ya visa kama hivyo, Baraza la nchi lilikuwa limeunda Fagio. Ni mtambo wa mbao na shaba unaozungushwa na maji ya mfereji, wenye meno marefu kama ya kitana. Kila asubuhi ya saba hupita droo baada ya droo, na kadi yenye tarehe iliyochakaa huing'oa na kuitupa katika tanuri dogo ambalo wajumbe wa Baraza huchemshia chai. Mtu asiyetaka kufagiwa hufika dirishani akasema, “Nipo,” karani akagonga mhuri wa tarehe mpya.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Lakini mwaka wa kwanza wa Fagio watu waliingiwa na hofu, wakawa wanakuja kusema “Nipo” asubuhi, adhuhuri na jioni, mpaka mikono ya makarani ikavimba. Baraza likajadiliana siku kumi na moja. Mjumbe mmoja alishauri waongezwe makarani. Akaulizwa kama anawachukia makarani waliopo. Mwishowe ikawekwa sheria: aliyesema “Nipo” ni marufuku kulisema tena kwa siku saba. Hizo huitwa siku za kunyamaza. Baada yake zinafuata siku saba za kusema, ambazo humo, na humo tu, mtu aweza kutangaza kuwa yupo. Zikipita naye kimya, asubuhi ya Fagio inayofuata hayupo tena.

Zamda aliyaandika yote katika daftari lake. Halikumjia wazo la kucheka. Kule alikotoka seva zilifanya hivyohivyo na yeye aliona ni busara.

Kilichomsumbua kilikuwa kadi zisizo na tarehe.

Zilikuwa kama mia nne, zimetawanyika humo katika droo, zimeandikwa kwa mkono kwa wino wa zambarau, na mahali pa mhuri pakavu. Fagio lilipozifikia halikuwa na cha kusoma, likazipita. Nyingine zilikuwa za aibu tupu. Kulikuwa na hakimu aliyekufa miaka arobaini nyuma, na bado watu wanampelekea mashtaka kaburini kwake na kurudi wakisema kesi imeahirishwa. Kulikuwa na shule iliyobomoka ambayo wazazi waliendelea kupeleka watoto, nao watoto wakakaa juu ya vifusi mpaka saa nane. Kila Zamda alipoziona hizo kadi alihisi kama mgeni aliyekuta sufuria chafu jikoni kwa wenyeji wake.

Msimamizi wa droo alikuwa Mzee Pandu, mtu wa miaka karibu sitini, mkavu, mwenye mzaha unaochoma. Ndiye aliyebaki katika waandishi wa wino wa zambarau. Hakumwita Zamda kwa jina, alimwita “mtaalamu.”

“Mzee Pandu,” Zamda alimwambia siku moja, “hizi za zambarau zigongwe tarehe, zianze kuhesabiwa kama nyingine.”

“Hizo usiziguse, mtaalamu.”

Zamda alingoja sababu. Mzee Pandu aliendelea kuchonga kalamu yake.

“Au kwenu mmesoma kwamba kila kitu kinajua kusema?” aliongeza, na makarani wawili wakacheka.

Uso ukamwaka moto. Swali lilikuwa hapo mdomoni, neno moja tu: kwa nini? Lakini alikuwa ametambulishwa mbele ya watu wote kuwa mtu aliyesoma, na akaona aliyesoma akiuliza “kwa nini” mbele ya makarani wanaocheka atakuwa amejivua nguo. Akainamisha kichwa, akaondoka. Kesho yake asubuhi, kabla Mzee Pandu hajafika, akauchukua mhuri mkuu aliokabidhiwa na Bwana Shaweji, akazigonga kadi zote za zambarau, moja baada ya nyingine, tarehe ya siku hiyo. Alifanya kazi safi. Hakuna mhuri uliopinda.

Tangazo likabandikwa, kama sheria inavyotaka, ndani ya Nyumba ya Majibu, upande wa makarani.

*

Siku saba za kunyamaza zikapita, zikapita na saba za kusema. Asubuhi ya Fagio wajumbe watatu wa Baraza walikuja kutazama, wakakalia viti vyao karibu na tanuri. Mtambo ukazunguka. Kadi za zambarau zilikuwa zikiruka hewani kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa, na chai ikachemka mapema kuliko siku yoyote.

“Mia nne na kumi na mbili!” alisema Bwana Shaweji. “Waheshimiwa, droo zimepumua.”

Wajumbe wakapiga makofi. Zamda alisimama nyuma ya dirisha la tatu, mikono ameikunja tumboni, akajiruhusu kufurahi kidogo.

Wa kwanza kufika dirishani walikuwa wanawake watano.

“Tunauliza Kisima cha Kati.”

Karani akavuta droo, akapekua. “Hakipo.”

“Hakipo vipi, na ndoo yangu nimeiacha ukingoni mwake?”

“Basi ndoo yako, mama, iko ukingoni mwa pasipo na kitu.”

“Mwenzangu,” mmoja alimvuta kanga mwenzake, “nilikwambia yale maji leo yana mng'aro wa ajabu. Kumbe hayapo.”

“Na kiu hii nayo haipo?”

“Hiyo hujaiuliza. Kaulize dirisha la pili.”

Wakaondoka wakicheka, wakitafuta nani ana masazo ya maji ya jana. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuteka. Zamda alibaki ameshika ubao wa dirisha. Kisima hakiwezi kuja kupanga foleni. Kisima hakina mdomo wa kusema “Nipo.” Alielewa papo hapo, kama mtu anavyoelewa amekaa juu ya kitu kilichovunjika, kwa nini kadi zile hazikuwa na tarehe, na kabla hajamaliza kuelewa, alifika mwanamume kijana, amevaa shati lililofungwa vifungo kombo, jasho linamtoka.

“Jina langu Ngwali. Mke wangu, Hawa, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Namuuliza Bi Hadia, mkunga.”

Karani akapekua. “Hayupo.”

“Tafuta tena, kaka yangu, nakuomba.”

“Bi Hadia mkunga. Hayupo.”

“Lakini nimemwona asubuhi hii anaanika kanga. Nyumba yake inatazamana na yangu. Ni hatua thelathini.”

“Umemwona, sawa,” alisema karani, bila ukali. “Umejibiwa?”

Ngwali akatazama chini. “Sijajibiwa.” Akajifuta uso. “Samahani. Ni macho tu.”

Bi Hadia ndiye mama aliyempa Zamda chumba. Asubuhi hiyo alikuwa amemkaangia vitumbua, akamwekea viwili kwenye kitambaa, akamwambia asirudi na njaa. Miaka thelathini alikuwa akiingia katika nyumba za watu kwa saa wasizozijua, na kwa sababu hiyo wazee wa wino wa zambarau walimwandika bila tarehe: mkunga anayepanga foleni ni mkunga aliyekosekana mahali fulani. Na kadi yake sasa ilikuwa mvuke juu ya kikombe cha mjumbe.

“Huyu hapa!” Bwana Shaweji alikuwa akisema nyuma yake. “Waheshimiwa, ndiye binti aliyetusafishia.”

Zamda akageuka, akatabasamu.

Baadaye, alipokuwa akijihesabia makosa yake, lile tabasamu ndilo lililomuuma kuliko mhuri. Mhuri aliugonga bila kujua. Alipotabasamu alikuwa anajua.

Ngwali alipewa mkunga mwingine aliyekuwamo katika droo, Bi Sikudhani, mwenye kadi iliyojaa mihuri isiyokosa hata mara moja. Bi Sikudhani alipenda sana kuwapo. Alilala karibu na madirisha ili awe wa mbele, na kwa ajili ya foleni alikuwa hajazalisha mtu miaka tisa. Saa moja baadaye Ngwali alirudi mbio.

“Bi Sikudhani amemgusa tumbo, akarudi nyuma. Anasema mtoto amekaa vibaya, anasema mwiteni Hadia. Nauliza tena. Pengine amerudi.”

“Hayupo.”

Akaenda dirisha la tano, akauliza tena kwa sauti nyingine, kama mtu anayetaka kuidanganya droo. Hayupo. Akaketi chini ya ukuta, kichwa mikononi.

Zamda alitoka nje kwa mlango wa makarani. “Kaka,” alisema, “njoo. Mimi napajua. Njoo nikupeleke.” Akamnyoshea mkono.

Ngwali aliruka nyuma. “Dada, heshima yako! Nina mke!” Na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso, mama mmoja akamziba mwanawe macho.

*

Alikimbia peke yake. Alikuta mlango wa Bi Hadia umefungwa na kanga zimeanuliwa zikiwa mbichi. Ndani, yule mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, mkoba wake wa kazi pembeni, masikioni amejaza pamba. Moto ulikuwa umezimwa. Hakuwa amekula.

Zamda akamtoa pamba sikio moja. Kutoka ng'ambo ya njia ikaingia sauti ya mwanamke, ndefu, ya chini, inayokatika.

“Mwanangu,” alisema Bi Hadia, “kumbe sipo.”

“Bi Hadia, uko hapa. Nimekushika mkono.”

“Wewe ni mgeni, unaona kwa macho.” Alisema bila kumlaumu. “Jirani kapita, kaniambia yaliyojibiwa dirishani. Nimeona haya! Nimetembea mjini asubuhi nzima nikiamkia watu, nao wananiitikia kwa huruma, mimi sijui. Nilinunua hata mchicha.”

“Hawa anakufa, bibi.”

“Sauti hiyo naijua. Bega limekwama. Akilazwa ubavu wa kushoto, goti likapandishwa...” Mikono yake ilikuwa imeinuka yenyewe, inaonyesha mtoto atakavyopokewa, kiganja chini ya kisogo. Akaitazama, akairudisha mapajani. “Ningekuwapo ningekwenda mbio. Lakini mkunga asiyejibiwa akiingia nyumba ya uzazi, mama mwenyewe ataogopa, na mama akiogopa anafunga. Nani atafungua miguu mbele ya mtu asiyekuwapo? Nenda ukaulize, mwanangu. Nikijibiwa, nimeshafunga mkoba.”

Zamda alitaka kumwambia ni nani aliyemfuta. Alifungua mdomo, akaona vile vitumbua vilivyobaki kwenye sahani vimefunikwa kwa kawa, akashindwa.

*

Alimkuta Mzee Pandu kwenye chumba cha nyuma, anasafisha kidau cha wino. Mara hii hawakuwapo makarani wa kucheka, lakini hata wangekuwapo angeuliza.

“Mzee Pandu. Naomba kuuliza.”

Mzee akaweka kidau chini. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. “Uliza.”

“Kadi ya Bi Hadia inarudije?”

“Kuna njia mbili. Fagio likimfuta mtu, ni bahati mbaya. Jina linaandikwa upya, nalo halijibiwi mpaka lipitishe siku saba za kunyamaza, kama jina jipya.” Akasogeza kidau pembeni. “Mtu akimfuta mtu, ni kosa. Aliyelitenda akapanda benchi kubwa mbele ya foleni, akalisema kwa mdomo wake, kadi huandikwa saa ileile. Na kosa nalo huandikiwa kadi, likawekwa droo ya makosa.”

“Kwa nini hukuniambia hizo kadi ni za nini?”

“Kwa nini hukuniuliza?” Kisha, taratibu zaidi, akasema, “Niliona raha kidogo kumwona mtaalamu anakwama. Nilidhani utarudi. Siku kumi na nne nimengoja urudi. Hilo ni langu, binti, nami nitalibeba. Lakini mhuri ulikuwa mkononi mwako.”

Bwana Shaweji aliwakuta ukumbini, Zamda mguu mmoja tayari juu ya benchi. Akamshika kiwiko kwa upole, akamsogeza pembeni. Alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

“Binti yangu, shuka. Hapa hapana haja ya mtu kudhalilika. Sema Fagio.”

“Si Fagio, bwana. Ni mimi niliyegonga tarehe.”

“Fagio ndilo lililong'oa. Fagio halina uso. Tunalitwisha mambo mengi, halijawahi kuona haya hata siku moja. Ndiyo faida yake kubwa. Chai ni ziada.” Akashusha sauti. “Wajumbe wamekusifu asubuhi hiihii. Ukipanda hapo, wamesifu nini?”

“Nikisema Fagio, ni siku saba.”

“Ni siku saba,” alikubali Bwana Shaweji, kwa masikitiko ya kweli. “Sheria ni ngumu.”

Mtu asiyekuwa na haya hawezi kujua jinsi maneno hayo yalivyokuwa matamu kwa Zamda. Tangu utotoni alipokosea alitamani kitu kimoja tu, kwamba asitazamwe. Na hapa mtu mzima, mwenye cheo, alikuwa akimpa ruhusa ya kutotazamwa. Alisimama pale kwa muda ambao mtu angehesabu hadi mia. Aliuhesabu baadaye, mara nyingi. Ngwali alikuwa bado chini ya ukuta, anajisugua viganja.

Akapanda benchi.

Sauti haikutoka. Watu waliokuwa mbele wakasema, “Nini?” Akasema tena, ikatoka nyembamba kama uzi. “Ongeza!” mtu akapiga kelele kutoka nyuma. “Kama ni kosa, lisikike!”

“Mimi ni Zamda,” alisema, na masikio yake yakavuma. “Mimi ndiye niliyegonga tarehe kwenye kadi zisizo na tarehe. Nilikatazwa. Sikuuliza sababu kwa kuwa niliona haya kuuliza. Nimemfuta Bi Hadia mkunga, nimekifuta kisima, nimefuta mia nne na ushee ambao siwajui. Asubuhi nilipojua sikusema. Nilitabasamu.”

Kisha yule mwanamke wa ndoo akasema, “Na kiu yote ile!” na mwingine akamwambia, “Nyamaza, mtoto wa watu analia.”

Mzee Pandu alikuwa amekwisha kuandika. Wino wa zambarau ulikuwa haujakauka alipompa karani wa dirisha la tatu ile kadi, na karani akapaza sauti kabla hajaulizwa, jambo ambalo halijapata kutokea katika Nyumba ya Majibu: “Bi Hadia mkunga! Yupo! Hatua thelathini kutoka mlangoni kwa Ngwali, nyumba yenye kamba ya kuanikia!”

Ngwali alikwisha kutoka.

*

Mtoto alizaliwa alasiri. Alikuwa wa kike, mzito, na alilia vizuri. Hawa alipoteza damu nyingi lakini akabaki. Bi Hadia ndiye aliyemwambia Zamda yaliyosalia, jioni, wakiwa wamekaa kizingitini. Alimwambia huku akichambua mchele, bila kumtazama.

“Bega lilikaa limebanwa muda mrefu. Mkono wa kulia unaning'inia. Vidole vinacheza kidogo. Yawezekana ukarudi, yawezekana usirudi. Nimeona yote mawili.”

“Ningesema asubuhi...”

“Ndiyo,” alisema Bi Hadia.

Akamaliza ungo wote kabla hajaongeza neno. Kisha akamwambia chumba bado ni chake, na kwamba kesho amsaidie kuchota maji, kwa kuwa kisima nacho kimejibiwa.

Zilizobaki katika zile kadi za zambarau, Zamda na Mzee Pandu waliziandika upya kwa muda wa wiki tatu, wakipita mji mzima wakiuliza watu wanakumbuka nini. Yule hakimu hawakumrudisha, wala shule ya vifusi. Baraza lilikasirika kidogo kwa ajili ya hakimu.

Droo ya makosa nayo hupitiwa na Fagio. Kosa lililogongwa tarehe hukaa siku saba za kunyamaza na saba za kusema, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani kulitetea kosa lake lisifutwe, droo ile huwa tupu karibu siku zote, na watu wa Utajo hujivuna kwa hilo. Wanasema nchi yao haina makosa ya zamani. Bwana Shaweji alimweleza Zamda haya kama mtu anayempa zawadi. Hakutakiwa kufanya lolote. Anyamaze tu, na kunyamaza alikujua.

Siku ya nane, siku ya kwanza ya kusema, Zamda alipanga foleni dirisha la tatu. Alipanga tena wiki mbili baadaye, na tena. Watu walimzoea. Wengine walisema ni ugonjwa wa wageni, wengine wakasema ni maringo ya wasomi, kutaka kosa lake tu ndilo lidumu.

Mara ya tano alisikia nyuma yake mtoto akikohoa, akageuka. Alikuwa Hawa, amembeba bintiye kifuani, mkono wa kulia wa mtoto umefungwa kwa kitambaa cheupe usiyumbe. Watoto wachanga hawajui kusema, hivyo mama zao huwasemea. Zamda hakuwa amewahi kusimama karibu naye hivyo. Hatua mbili tu zilibaki kufika dirishani. Akatazama mlango, akaona bado angeweza kujifanya amesahau kitu.

“Sogea basi, binti,” Mzee Pandu alisema kutoka ndani. Siku hizi alikaa dirishani mwenyewe. “Foleni ndefu.”

Akasogea. Shingo yote ilikuwa moto. “Kosa langu,” alisema.

“Sauti.”

“Kosa langu lipo.”

Mhuri ukagonga. Zamda akataka kupita ubavuni mwa Hawa bila kuinua uso, lakini Hawa hakumpisha. Alikuwa akihangaika na mwana na kitambaa na cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa ndani ya kanga, na mikono haimtoshi.

“Nishikie,” alisema Hawa.

Zamda alidhani anamaanisha cheti.

“Mtoto. Nishikie nitoe karatasi. Mkono huo wa kulia usiuvute.”

Zamda akampokea. Alimshika kama Bi Hadia alivyokuwa akionyesha hewani siku ile, kiganja chini ya kisogo, kiwiko kikiulinda ule mkono usining'inie. Hawa akamtazama kwa muda, akaona ameshikwa vizuri, akageukia dirishani.

“Yupo,” alisema.